Kuiga kodi na ruzuku kwa kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Juni bajeti inaposomwa, maswali ni yaleyale: nani atapata, nani atakatwa, na hao wataalamu walijuaje kabla sheria haijaanza kutumika? Majibu yaliyo hapa yanafuata maswali tunayoulizwa na wanafunzi, waandishi wa habari, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na watu wa kawaida. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa sababu ndiko tunakofahamu zaidi sheria na takwimu. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Kuiga kodi na ruzuku kwa kompyuta maana yake nini?

Ni kuchukua taarifa za maelfu ya kaya halisi, kuziingiza kwenye programu iliyoandikiwa kanuni za kodi, michango ya hifadhi ya jamii na ruzuku, kisha kupiga hesabu ya kila kaya mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sheria iliyopo, mara ya pili ni kwa sheria inayopendekezwa. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo jibu: kaya hii imeongezewa Sh 6,400 kwa mwezi, ile imepungukiwa Sh 2,000, na ile nyingine haikuguswa kabisa.

Ukijumlisha kaya zote unapata gharama kwa serikali. Ukizipanga kuanzia maskini hadi tajiri unaona mabadiliko yamemfikia nani. Programu ya namna hii huitwa modeli.

2. Kikokotoo cha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kipo kwenye simu yangu. Kwa nini hakitoshi?

Kinakutosha wewe, maana kinajua mshahara mmoja tu. Hakijui kama mshahara huo unalisha watu wawili au tisa, kama mwenzi wako ana genge, kama mama yenu anapokea ruzuku, wala kama nyumbani mna shamba la mahindi. Watu wawili wenye mshahara sawa hulipa kodi sawa, lakini hali zao za maisha zaweza kuwa mbali kabisa. Modeli inaangalia kaya nzima, wote wanaokula chungu kimoja. Zaidi ya hayo, kikokotoo hakiwezi kukuambia serikali itapoteza au itapata kiasi gani nchi nzima.

3. Wazo hili lilitoka wapi, na huku kwetu limefika?

Aliyeliweka wazi ni mchumi Mmarekani Guy Orcutt, katika makala yake ya mwaka 1957. Alisema sera zichunguzwe kwa kuanzia na watu na kaya zenyewe, badala ya jumla za taifa peke yake. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu, hivyo wazo lilichukua miaka mingi kushika mizizi. Leo nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya zimo katika modeli moja iitwayo EUROMOD, iliyolelewa kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na sasa iko chini ya Kamisheni ya Ulaya. Wafaransa wana OpenFisca, ambayo msimbo wake wa programu uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Huku kwetu limefika. Taasisi ya utafiti ya Umoja wa Mataifa UNU-WIDER, yenye makao yake Helsinki, inaendesha mradi wa SOUTHMOD unaotumia programu ya EUROMOD kwa nchi zinazoendelea. Ndani yake mna TAZMOD ya Tanzania, UGAMOD ya Uganda, RWAMOD ya Rwanda, MicroZAMOD ya Zambia, MOZMOD ya Msumbiji na nyinginezo.

4. Je, hii ni akili mnemba?

Hapana. Hakuna mahali kompyuta inapojifunza au kubahatisha. Kila kanuni imeandikwa na mtu aliyesoma Sheria ya Kodi ya Mapato, na kila namba inaweza kufuatiliwa hadi kwenye kifungu chake. Huo ndio uzuri wake: ukipinga matokeo, unaweza kuonyesha kidole mstari unaoupinga.

## Takwimu zinazotumika

5. Taarifa za kaya mnazipata wapi? Mnaingia kwenye mafaili ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania?

Kwa kawaida hapana. Msingi wake ni utafiti wa mapato na matumizi ya kaya binafsi unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Katika utafiti wa 2017/18, wadadisi walihoji kaya zaidi ya 9,000 Tanzania Bara: nani anaishi humo, ana umri gani, anafanya kazi gani, anapata nini, na amenunua nini. Kenya ina utafiti wake wa KIHBS, Rwanda ina EICV, Uganda ina UNHS.

Mafaili ya mamlaka ya mapato yana namba sahihi zaidi za mishahara, lakini yanamwona mlipakodi peke yake bila kaya yake. Tena hayamwoni kabisa asiyesajiliwa, naye ndiye mara nyingi tunayemtafuta. Majina huondolewa kabla data hazijatolewa kwa watafiti, kwa hiyo hakuna anayeketi kwenye kompyuta akisoma habari za jirani yake.

6. Kaya 9,000 zinawezaje kusimama badala ya nchi yenye mamilioni ya kaya?

Kwa uzani. Kila kaya iliyohojiwa hupewa namba inayoonyesha inawakilisha kaya ngapi zinazofanana nayo. Kaya ya Lindi vijijini yenye uzani wa 1,200, kwa mfano, huhesabiwa kama kaya 1,200. Modeli ikikuta kaya hiyo imepata nafuu ya Sh 5,000, kwenye jumla ya taifa itaandika Sh milioni 6.

Hii hufanya kazi vizuri kwa makundi makubwa. Kwa makundi madogo, tazama swali la 18.

7. Utafiti ni wa 2017/18. Mbona mnautumia kuijadili bajeti ya leo?

Kwa sababu utafiti mkubwa wa aina hii haufanyiki kila mwaka. Kinachofanyika ni kuzisogeza namba mbele: mishahara inapandishwa kwa kasi ya mishahara, matumizi yanapandishwa kwa mfumuko wa bei wa bidhaa husika, na idadi ya watu inarekebishwa kulingana na sensa.

Kuna mambo hayasogezwi kwa njia hiyo. Mwaka 2018 hapakuwa na vijana wengi wanaoishi kwa bodaboda na biashara za mtandaoni kama leo. Modeli itampa kijana wa wakati ule kipato kikubwa zaidi, lakini haitambadilishia kazi. Ukiona ripoti isiyotaja mwaka wa takwimu zake, uliza kwanza hapo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

8. Watu huwaambia wadadisi ukweli kuhusu fedha zao?

Sehemu. Matumizi husemwa kwa uwazi zaidi kuliko mapato, ndiyo maana hapa kwetu umaskini hupimwa kwa matumizi. Kwa 2017/18 mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa Sh 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Mstari wa umaskini wa chakula ulikuwa Sh 33,748, na asilimia 8 walikuwa chini ya huo.

Tatizo kubwa liko juu. Tajiri wa kweli ni vigumu kumkuta nyumbani, na akipatikana si rahisi akubali kukaa na mdadisi akijaza dodoso refu. Kwa hiyo modeli iliyojengwa juu ya utafiti wa kaya hupunguza mapato ya wakubwa, na hupunguza pia kodi ambayo wangeweza kulipa. Mtu akikwambia kwa kutumia modeli kwamba kuwatoza matajiri hakuingizi kitu, mwulize amewapata matajiri wangapi kwenye data zake.

## Hesabu inavyokwenda

9. Nionyesheni mfano mmoja, hatua kwa hatua.

Tumchukue mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara ghafi wa Sh 800,000 kwa mwezi, Tanzania Bara. Ngazi za PAYE tunazotumia hapa ni zile zilizoanza Julai 2021: hadi Sh 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, juu ya hapo ni asilimia 30.

Kwanza modeli inakata mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani Sh 80,000. Mchango huo hautozwi kodi, hivyo kinachotozwa ni Sh 720,000. Ngazi ya asilimia 8 inatoa Sh 20,000 kamili. Kilichozidi 520,000 ni Sh 200,000, na asilimia 20 yake ni Sh 40,000. PAYE ni Sh 60,000, mkononi zinabaki Sh 660,000.

Mpangilio wa hatua ni muhimu sana. Ukikosea ukatoza kodi kabla ya kuondoa NSSF, PAYE inakuwa Sh 78,000, yaani umemwongezea mtu mmoja makato ya Sh 18,000 ambayo sheria haiyajui. Makosa ya aina hii ndiyo yanayokula muda mwingi wa anayejenga modeli, kuliko hesabu zenyewe.

Baada ya mtu, modeli inarudi kwenye kaya. Inajumlisha kinachobaki kwa mfanyakazi huyo na mapato ya genge la mkewe, ruzuku kama ipo, na thamani ya mazao wanayokula bila kuyanunua. Kisha inagawa kwa ukubwa wa kaya, mtoto akihesabiwa chini ya mtu mzima.

10. Tukipandisha kiwango kisichotozwa PAYE, maskini wanafaidika?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na jibu lake huwashangaza wengi.

Tuseme kiwango kinapanda kutoka Sh 270,000 hadi Sh 350,000, mengine yakibaki kama yalivyo. Mwenye kipato kinachotozwa cha Sh 300,000 alikuwa analipa Sh 2,400. Sasa halipi kitu. Mwenye 350,000 anaokoa Sh 6,400. Mwenye 800,000 anaokoa Sh 6,400. Mwenye milioni tano naye anaokoa Sh 6,400 ileile, kwa sababu kila mmoja hupitia ngazi ya chini kabla ya kupanda za juu. Mwenye 250,000 hapati chochote: alikuwa halipi, na bado halipi. Mkulima wa Kishapu, mama lishe wa Tandale na kijana anayesukuma mkokoteni hawamo kabisa, kwa kuwa PAYE ni kodi ya wenye ajira rasmi.

Sasa weka gharama. Kwa mfano tu, tuseme wafanyakazi 500,000 wanaokoa Sh 6,400 kila mmoja. Hiyo ni Sh bilioni 3.2 kwa mwezi. Fedha hizohizo zingewalipa wazee 160,000 Sh 20,000 kila mwezi. Modeli haitakuambia uchague lipi. Wafanyakazi wana madai ya haki, hasa bei zinapopanda na ngazi za kodi zikabaki palepale. Lakini msemaji akisimama na kusema nafuu ya PAYE ni ya wanyonge, jedwali la modeli litaonyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwa nusu ya kaya zenye kipato kikubwa zaidi. Naamini jedwali hilo lingepaswa kuambatanishwa na kila Muswada wa Fedha, ili mbunge alione kabla ya kupiga kura.

Ngazi zisizosogea nazo zina athari yake. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka Sh 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Baada ya asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PAYE kwa ngazi za swali la 9 inapanda kutoka Sh 6,520 hadi Sh 16,400. Mshahara umeongezeka kwa asilimia 35, kodi imezidi mara mbili na nusu. Bado mfanyakazi amefaidika, ila hakupata nyongeza yote aliyoisikia Mei Mosi.

11. Na VAT, kodi ya ongezeko la thamani? Maskini haendi supamaketi.

VAT inaigwa kwa kutumia matumizi badala ya mapato. Modeli inasoma kila kilichonunuliwa na kaya, inauliza sheria inasemaje kuhusu bidhaa hiyo, kisha inatenganisha kodi iliyo ndani ya bei. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, Kenya ni asilimia 16.

Vyakula visivyosindikwa vimesamehewa, na kwa kuwa kaya maskini hutumia sehemu kubwa ya fedha zake kwa unga, mchele na maharage, msamaha huo unawagusa kweli. Lakini kusamehewa si sawa na kutozwa kiwango sifuri. Muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa hawezi kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye vifungashio au huduma nyingine, kwa hiyo sehemu yake hujificha kwenye bei. Modeli nzuri huihesabu. Modeli ya haraka huiacha.

Duka la mtaani nalo lina fumbo lake. Tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili VAT Tanzania Bara ni mwenye mauzo ya Sh milioni 200 kwa mwaka, hivyo mangi wa pale kona hatozi VAT. Lakini sabuni aliyoinunua kwa jumla ilikuja na VAT ndani yake. Anayeiga lazima aamue ni sehemu gani inamfikia mnunuzi wa mwisho, na aandike wazi ameamua nini.

Kenya walipopendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate katika Muswada wa Fedha wa 2024, mjadala uliingia kila nyumba, na Juni ileile muswada mzima ukaondolewa baada ya maandamano. Hesabu ya nani ananunua mkate na nani anakula uji au viazi ingewezekana kufanywa kwa data za KIHBS kabla ya muswada kuchapishwa.

12. Wengi wetu tuko kwenye sekta isiyo rasmi. Modeli inatuona?

Inawaona kwenye matumizi na kwenye ruzuku. Kwenye kodi ya mapato inategemea kama unalipa kweli. Mtafiti huwa na njia mbili: kumtoza kila anayestahili kisheria, au kumtoza yule tu anayeonekana kuwa rasmi. Njia ya kwanza hutoa mapato makubwa ambayo TRA haijawahi kuyaona. Ya pili iko karibu na uhalisia.

Hata hivyo modeli ina kazi moja nzuri hapa: kuonyesha mahali sheria inaporuka ghafla. Kwa wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kwa mauzo, mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Anayezidi kidogo, tuseme Sh 4,100,000, akiwa na kumbukumbu za mauzo hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani Sh 3,000. Asiye na kumbukumbu hulipa Sh 100,000. Shilingi laki moja ya mauzo ya ziada imeliwa yote na kodi. Ukichora mstari wa kipato kinachobaki, utaona shimo hapo, na utaelewa kwa nini mtu angependa mauzo yake yaonekane yameishia milioni 4.

13. Ruzuku za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, mnaziigaje, ikiwa wanaochaguliwa hawajulikani?

Hili ni gumu, na majibu hutofautiana kati ya modeli na modeli. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini huanza na jamii kutaja kaya zake maskini, kisha kaya hupimwa kwa fomula inayoangalia mambo kama nyumba, mali na wanakaya. Modeli inaweza kuiga fomula. Haiwezi kuiga mkutano wa kijiji.

Kwa kawaida mtafiti hupanga kaya kwa fomula, halafu anachukua idadi inayolingana na walengwa waliopo, au anatumia kaya zilizosema kwenye utafiti kwamba zinapokea. Njia ya kwanza huwapendelea maskini zaidi ya hali halisi, kwa sababu kwenye kompyuta hakuna anayeachwa kimakosa.

Ruzuku za umri ni rahisi mno kuiga. Pensheni Jamii ya Zanzibar ilipoanza Aprili 2016 ililipa Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi. Kenya ina mpango wake ndani ya Inua Jamii, Ksh 2,000 kwa mwezi kwa umri huohuo. Modeli inahitaji safu moja tu, ya umri.

## Kusoma matokeo

14. Ripoti zimejaa vipimo. Nianze na kipi?

Anza na jedwali la wanaopata na wanaopoteza, likiwa limegawanywa katika makundi kumi ya kaya kutoka maskini hadi tajiri. Angalia shilingi na asilimia kwa pamoja: Sh 5,000 ni kitu kwa kaya inayoishi kwa 150,000, si kitu kwa ya milioni tatu.

Kisha angalia kiwango cha umaskini, yaani wangapi wako chini ya mstari, na kina chake, yaani wako chini kwa kiasi gani. Viwili hivi huweza kutofautiana. Ruzuku ndogo kwa maskini wa mwisho kabisa haimvushi mtu mstari, hivyo kiwango hakibadiliki, lakini kina cha umaskini kinapungua na watoto wanakula. Kipimo cha Gini ni cha tofauti ya kipato kwa ujumla. Hutingishika kidogo sana kwa mageuzi ya kawaida, kwa hiyo usikate tamaa ukiona kimesogea kwenye tarakimu ya tatu tu.

15. Watu hubadili tabia kodi ikibadilika. Modeli inajua hilo?

Modeli nyingi za aina hii hazijui, na hazidai kujua. Zinaonyesha hali ya siku ya kwanza, kabla mtu hajapata nafasi ya kubadili kitu. Kwa PAYE hilo si baya sana, maana mwajiriwa hawezi kuikwepa kirahisi.

Kwa kodi nyingine linaweza kupotosha kabisa. Kumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania tarehe 15 Julai 2021, kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala. Ukizidisha idadi ya miamala ya mwaka uliotangulia kwa viwango vya tozo unapata namba nono. Lakini aliyekuwa anamtumia mzazi kwa simu aliweza kumpa dereva wa basi bahasha, na mwenye duka aliweza kurudi kwenye fedha taslimu. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 ikashushwa tena, kikomo kikawa Sh 4,000.

Dawa ni kuiga zaidi ya mara moja: miamala ikibaki ileile, ikishuka kwa robo, ikishuka kwa nusu. Atakayetoa namba moja tu kwa kodi ya aina hii hajamaliza kazi.

16. Nitajuaje kama modeli inasema kweli?

Ilinganishe na kilichotokea. Modeli ikiwekewa sheria ya mwaka uliokwisha, PAYE yake inapaswa kukaribia makusanyo ya TRA ya mwaka huo, na idadi ya wapokea ruzuku ikaribie ya TASAF. Tofauti zitakuwepo, kwa sababu za swali la 8 na la 12, lakini lazima zielezwe moja moja. Modeli za SOUTHMOD hutoa ripoti ya nchi yenye jedwali la ulinganifu huu. Lisome kabla ya muhtasari.

Njia nyingine ni kuchukua watu wachache wa kubuni, kama yule wa swali la 9, na kupiga hesabu kwa mkono. Modeli ikikosea mtu mmoja, itakosea milioni moja waliofanana naye.

## Mambo ya pembezoni

17. Zanzibar inaingia kwenye modeli ya Tanzania?

Si moja kwa moja. VAT ya Zanzibar ina sheria yake na kiwango chake cha asilimia 15, pensheni ya wazee iko huko tu, na utafiti wa kaya hufanywa na ofisi yake ya takwimu. Kuchanganya data za pande mbili kwenye kanuni za upande mmoja ni kosa. Ukisoma "Tanzania" kwenye ripoti, hakikisha kama ni Bara pekee.

18. Inaweza kunionyesha athari kwenye wilaya yangu?

Kwa utafiti wa kawaida wa kaya, hapana. Ukigawanya kaya 9,000 kwa wilaya zote, kila moja inabaki na chache mno. Kaya mbili zenye uzani mkubwa zikibadilika, wilaya nzima inaonekana imetajirika. Mikoa mikubwa inawezekana kwa tahadhari. Tatizo hilihili linawakuta watu wenye ulemavu, wajane vijana na makundi mengine yenye watu wachache kwenye data.

19. Mume mwenye nyumba mbili anahesabiwa wapi? Na fedha anazotuma mtoto aliye Muscat?

Mume huhesabiwa kwenye kaya anakoishi kwa kawaida kulingana na maelezo ya dodoso. Nyumba ya pili huonekana kama kaya inayoongozwa na mwanamke na inayopokea fedha kutoka nje. Hii inaweza kuifanya ionekane na haki ya ruzuku kwenye modeli, hata kama kwa hali halisi ina msaada mkubwa, au kinyume chake.

Fedha za kutoka Oman, Marekani au Dar huandikwa kama misaada kutoka kwa ndugu, ikiwa kaya imezitaja. Hazitozwi kodi ya mapato, lakini huongeza matumizi na kwa hiyo VAT. Modeli haijui kama zitapungua siku nyumbani patakapopata pensheni, na kwa familia nyingi hilo ndilo hutokea.

20. Ushuru wa forodha na kodi ya makampuni vinaigwa?

Kwa modeli ya kaya peke yake, hapana. Kodi ya kampuni humfikia mwenye hisa, mfanyakazi au mnunuzi kwa njia ambazo dodoso la kaya halizioni. Ushuru wa forodha una modeli zake zinazoiga uchumi mzima, na wakati mwingine huunganishwa na modeli ya kaya: ile kubwa inatoa mabadiliko ya bei na mishahara, hii inaonyesha kila kaya imeguswaje.

21. Nataka kujaribu mwenyewe. Nianzie wapi?

Huhitaji kujua kuandika programu. EUROMOD ni ya bure, na modeli za SOUTHMOD hutolewa bure kwa utafiti usio wa kibiashara baada ya kuomba na kukubali masharti ya data. Kompyuta ya kawaida ya Windows inatosha.

Kabla ya hapo, fungua karatasi ya Excel na ujenge PAYE ya swali la 9 kwa watu ishirini wenye mishahara tofauti. Ongeza mageuzi ya swali la 10 kwenye safu ya pembeni. Kisha mpe kila mmoja kaya: watoto, mzazi, shamba, biashara ndogo, na ugawe kinachobaki kwa idadi yao. Mpangilio wa watu wako kutoka maskini hadi tajiri utabadilika mbele ya macho yako, na baadhi ya wenye mishahara mikubwa watashuka chini ya wenye midogo. Ukifika hapo, omba data.